Mto Ukibomoa, Nani Ajenge?

Mimi huuza mabati. Duka langu liko Waberi, mjini Garissa, na ndani yake mna misumari, simiti, mbao za mbili kwa mbili, waya, turubai, makufuli na rangi ambayo haina wateja wengi. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Kila Mto Tana unapofurika, watu hupoteza nyumba, na maji yakishuka watu hao hao huja kununua kwangu. Serikali ikiamua kesho kuwajengea wote, huenda zabuni ikachukuliwa na tajiri wa Nairobi, au huenda nikauza kuliko nilivyowahi kuuza. Kwa hiyo nina maslahi. Lakini pia nina macho. Nimewauzia watu paa la nyumba ile ile, pale pale, zaidi ya mara moja, na sijawahi kufurahia pesa hizo.

Swali linalorudi kila msimu kwenye benchi la nje ya duka, watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi, ni hili: nyumba ya mtu ikibomolewa na mto, ni haki kodi za wengine zimjengee nyingine?

Tuanze na mto wenyewe, maana wengi wanaojibu swali hili hawaujui. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya. Maji yake hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na mvua ikinyesha huko sisi huku tunaweza kuwa kwenye jua kali. Mafuriko ya Garissa mara nyingi huja bila wingu lolote kichwani. Njiani kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Masinga ndilo ghala kubwa. Likijaa hadi mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, maji hupita ukingo, yakafuata bwawa baada ya bwawa, na likishapitwa la Kiambere yanatujia sisi. KenGen, kampuni inayoendesha mabwawa hayo, hutoa tahadhari, redio hutangaza, na machifu hupita wakiwaambia watu wahame.

Umeme wa mabwawa hayo huwaka Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hata mifereji ya Nairobi hunywa kutoka bonde hili, kwa sababu bwawa la Ndakaini liko kwenye Mto Thika, na Thika humwagika Tana. Nchi nzima hula faida ya mto huu mwaka mzima. Hasara ya wiki chache za mafuriko ndiyo huachiwa mtu wa Bakuyu, mtaa wetu wa kando ya mto, peke yake. Kwangu mimi, hoja ya kwanza ya kodi iko hapo, na haihitaji kumlaumu mtu yeyote.

Wazee wetu husimulia mafuriko ya 1961. Wa rika langu tunaanza na El Niño ya 1997 na 1998. Vijana wana 2018, 2019, 2020, 2023 na 2024, na mpangilio wa miaka hiyo unajieleza wenyewe. Ya mwishoni mwa 2023 yaliuma zaidi kwa sababu yalikuja juu ya ukame. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imepita mfululizo bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa njiani ikitafuta majani, na wafugaji wengi wakahamia pembezoni mwa mji wakiwa mikono mitupu. Halafu mvua za deyr, yaani za vuli, zikaja kwa kishindo. Ziwani, Bakuyu na Bulla Kamor zikaingiliwa na maji, barabara ya kutoka Nairobi ikakatika upande wa Madogo, na mabati yangu yakalala ndani ya lori ng'ambo ya maji huku watu wakiyaulizia huku. Kilichoweza kuvuka kilivuka kwa boti, na kila mwenye boti alitaka chake.

Aprili 2024 tukarudi pale pale. Tarehe 28 mwezi huo boti iliyojaa abiria ilipinduka Kona Punda, kati ya Madogo na mji. Msalaba Mwekundu ulisema watu 23 waliokolewa. Wengine hawakuokolewa. Nchini kote, mvua za kati ya Machi na Mei mwaka huo ziliua watu karibu 300.

Nyumba ya kawaida katika bulla, yaani mitaa, za karibu na mto si kitu kikubwa. Nguzo za mathenge au boriti, fito, kuta za udongo au za mabati, na paa la mabati ya geji 32, maana geji 30 ni ya mwenye nafasi. Udongo ukilala ndani ya maji siku mbili, ukuta huketi chini. Mabati hupatikana baadaye yamejikunja, watu huyanyoosha kwa nyundo, na yale matundu ya misumari ya zamani huzibwa kwa lami au kwa plastiki iliyoyeyushwa. Mvua ijayo humkuta mtu na paa linalovuja. Ndiyo nyumba tunayobishania. Msomaji asidhani tunazungumzia maghorofa.

Sasa nimlete mwalimu. Ni mteja wangu, mtu wa Mwingi aliyefundisha hapa miaka mingi, na amepanga nyumba Waberi ambako mto haujamfikia. Siku moja alikuja kununua kufuli, akakuta mjadala, akaingia.

"Mzee," aliniambia, "mimi nakatwa asilimia moja na nusu ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba ambazo sitalala ndani yake. Sasa unataka nimjengee na mtu aliyekwenda kujenga mdomoni mwa mto? Akijua nitamjengea, si atarudi pale pale?"

Alikuwa anasema juu ya tozo ya nyumba, ile ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5, mwajiri naye huongeza asilimia 1.5. Mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hutoa 600, na mwajiri 600. Hasira ya mwalimu ni ya haki, na hofu yake si ya kubuni.

Aliyemjibu si mimi. Ni eddo mmoja, yaani shangazi kwa Kisomali, anayelima ndizi na matikiti Ziwani, aliyekuwa amekaa kwenye gunia la misumari akisubiri mkokoteni.

"Mwalimu, mtoni hatukufuata upepo. Shamba liko pale, pampu iko pale. Nikilala huku kwenu, ndizi nitamwachia nani, nyani? Na huku juu, kiwanja kimoja ni bei gani? Niuzie wewe."

"Sikatai, mama," mwalimu akasema. "Lakini mbona mimi ndiye nilipe?"

"Na mimi silipi?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu jibu lake liko kwenye daftari langu. Watu husema "mlipa kodi" kana kwamba ni mtu mwenye tai anayekaa Nairobi. Kodi ya VAT ni asilimia 16. Katika kila shilingi 1,160 za mabati anazoniachia mteja, 160 si zangu wala si za kiwanda. Ni za serikali. Tuseme nyumba ya vyumba viwili imekula vifaa vya shilingi 58,000. Ndani yake mna kodi ya shilingi 8,000. Mtu aliyebomolewa na mto, asiye na mshahara wala namba ya kazi, amelipa 8,000 ili awe na paa tena. Akijenga mara ya pili, analipa tena. Mafuriko ni msimu wa mavuno kwa hazina ya taifa, na hilo silisikii likitajwa na mtu.

Linganisha na hili. Mei 2024 Rais William Ruto alipofika Mathare aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyolazimika kuhama kando ya mito ya Nairobi. Ukitoa VAT ya nyumba ile ya mfano wangu, katika elfu kumi zinabaki elfu mbili. Serikali ingekuwa imemrudishia mtu kodi yake na kumwongezea nauli.

Kwa hiyo sikubali kwamba swali ni kama walipa kodi walipe. Wanalipa tayari. Wanalipa mafuta ya helikopta, mahindi na maharagwe, mablanketi, dawa za kipindupindu, na walimu wanaokaa bure shule zao zikiwa zimegeuzwa kambi. Pesa zinatoka kila mara, ila zinatoka kwa namna ambayo mwaka unaofuata hakuna kilichobaki ardhini. Swali langu mimi ni hili: kwa nini tulipe kila mwaka kwa ajili ya turubai, na tusilipe mara moja kwa ajili ya nyumba iliyo juu ya mstari wa maji?

Sheria haitukatazi. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Ibara ya 208 inaunda Mfuko wa Dharura wa taifa, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu mfuko huo kuwa na hadi shilingi bilioni 10. Kaunti nazo zinaruhusiwa kuwa na mfuko wao wa dharura, ila malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Garissa hupata mgao wa takriban bilioni 8 kutoka serikali kuu. Asilimia 2 yake ni kama milioni 160. Ni pesa za vifaa vya nyumba 2,700 hivi za mfano wangu, iwapo mwaka huo hakuna atakayehitaji chakula, maji wala dawa. Ugumu mwingine ni kwamba Jedwali la Nne la Katiba limeweka usimamizi wa majanga pande zote mbili, kwa serikali kuu na kwa kaunti. Maji yakija, kila upande humtazama mwenzake.

Waliotangulia mbele yetu katika jambo hili ni majirani. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, Tanzania. Watu walikufa, na nyumba zilizoharibika zilikuwa maelfu. Michango ikakusanywa, na haikupita muda wakubwa wa mkoa wakafutwa kazi kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Januari 2017 Rais John Magufuli alikwenda Bukoba akawaambia watu uso kwa uso kwamba serikali haitamjengea mtu nyumba. Itatengeneza shule, vituo vya afya na barabara. Nyumba kila mmoja ajijengee.

Miaka saba baada ya tetemeko lile, tarehe 3 Desemba 2023, huko huko Tanzania, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaufunika mji wa Katesh. Safari hii jibu lilikuwa jingine. Chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali pamoja na Msalaba Mwekundu wa Tanzania walijenga nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret, mbali na njia ya tope, na kufikia mwisho wa 2024 waathiriwa walikabidhiwa.

Nchi moja, chama kimoja tawala, majibu mawili. Wapo watakaosema ni tofauti ya roho za viongozi. Mimi mfanyabiashara natazama hesabu kwanza. Hanang orodha ilikuwa fupi. Kagera ilikuwa ya maelfu. Huruma huja kwa wepesi zaidi orodha ikiwa fupi, na orodha ya Garissa si fupi. Ndiyo maana simwamini mwanasiasa anayesimama juu ya gari na kuahidi kila mtu nyumba kamili. Ahadi ya namna hiyo huishia kwenye nyumba 40 za kupigia picha, na funguo zake wakapewa wanaojulikana.

Wajapani walipitia ubishi huu huu. Hadi tetemeko la Kobe la Januari 1995, msimamo wa serikali yao ulikuwa kwamba nyumba ni mali ya mtu binafsi na kodi haijengi mali ya mtu. Baada ya Kobe wananchi walisukuma mpaka sheria ikapitishwa mwaka 1998, na tangu 2004 familia iliyobomolewa nyumba inaweza kupata hadi yen milioni 3. Hazitoshi kujenga nyumba nzima kule, wala hazikukusudiwa kutosha. Ni za kumsimamisha mtu, mengine ajikaze. Mfano wa kuogopa ni Marekani. Mpango wao wa bima ya mafuriko, ulioanza 1968, umekuwa ukilipia nyumba zile zile zijengwe pale pale zilipozama, hadi mwaka 2017 bunge lao likalazimika kufuta deni la dola bilioni 16 la mpango huo. Hapo mwalimu wangu yuko sahihi asilimia mia.

Kuna wanaoniambia, adeer (ami), sisi tuna qaaraan, mchango wa ukoo, kodi ya nini? Mtu akipatwa na msiba ukoo hukaa chini, kila mmoja hutoa alichonacho, wa Eastleigh hutuma, wa Minneapolis na London hutuma kwa hawala, na ndani ya wiki mambo yamesimama. Ni kweli, na bila qaaraan mji huu ungekuwa umekufa zamani. Nimeuza mabati mengi kwa pesa za namna hiyo. Lakini qaaraan humfikia mwenye ukoo mpana na ndugu walio nje. Kwenye kingo za Tana wanaishi Wamunyoyaya na Wamalakote, ambao jamaa zao nao wako kwenye kingo hizo hizo na wamezama pamoja nao. Kuna wapangaji waliotoka bara kutafuta riziki. Kuna mama aliyekimbia ukame na watoto, mume yuko porini na ngamia watatu waliosalia. Hawa hawana wa kumpigia simu Minneapolis. Kodi, angalau kwenye karatasi, haiulizi ukoo.

Nasema kwenye karatasi kwa sababu najua orodha zetu. Maji yakiingia Bulla Kamor, jioni hiyo waathiriwa huongezeka kutoka mitaa ambayo haijaona tone. Mwenye nyumba kumi za kupangisha huandikwa kama aliyepoteza nyumba kumi, na wapangaji wake waliopoteza vitanda, sufuria na vitabu vya watoto hawaandikwi kabisa. Dawa yake haihitaji mtaalamu wa kigeni. Orodha isomwe kwa sauti barazani, ibandikwe kwenye ukuta wa msikiti baada ya swala ya Ijumaa, na majirani wataikata wenyewe. Hapa kila mtu anajua nani alilala wapi.

Mimi ningetaka kodi inunue hivi: kwanza kiwanja cha juu, kilichopimwa, chenye mawe ya mipaka na hati. Wengi wa bulla zetu hawana zaidi ya barua ya mgao, na wengine hawana hata hiyo, kwa hiyo hakuna bima itakayowagusa. Juu ya kiwanja hicho kiwekwe chumba kimoja imara, msingi wa mawe, nguzo na paa la geji 30. Kuta na chumba cha pili mtu aongeze mwenyewe kwa qaaraan au kwa jasho lake. Na anayepokea aachie haki ya kulala kando ya mto, lakini asiachie shamba. Shamba libaki lake. Uganda walijifunza hili: mwaka 2019 walihamisha familia 101 kutoka miteremko ya Bududa inayoporomoka hadi nyumba mpya Bulambuli, na baadhi ya watu waliendelea kurudi mlimani kwa sababu chakula chao kilikuwa kule. Ukimhamisha eddo wa Ziwani bila kumhakikishia ndizi zake, atakiuza hicho chumba chako na kurudi kwa nyani wake.

Na kwa wale watakaosema serikali haijawahi kumlipia mtu binafsi hasara ya mali yake, nawakumbusha mifugo. Mwaka 2015 serikali ilianzisha Wajir na Turkana mpango wa bima ambapo kodi ndiyo iliyomlipia mfugaji ada kwa idadi ndogo ya wanyama. Setilaiti ilitazama majani yamekauka kiasi gani, na kiwango kilipofika, malipo yalitoka bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Mto una kipimo cha maji kama majani yalivyo na setilaiti. Kama kodi iliweza kumlipia bima ng'ombe wa Wajir, sioni kinachozuia kumlipia mtoto wa Bakuyu, pesa ziingie kwenye simu ya mama yake maji yakigusa alama, kabla hajafunga virago.

Mwalimu bado hajakubali yote. Amekubali kiwanja cha juu; kuhusu chumba anasema tutaonana. Lakini kuna kitu tumekubaliana, na nakiomba kwa kila msomaji wa kaunti hii na ya Tana River ng'ambo. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yawe yamefika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla yake wananchi huitwa kutoa maoni. Ukumbi huwa nusu mtupu. Nendeni mkaulize mfuko wa dharura una shilingi ngapi mwaka huu, na ni ekari ngapi za juu zimetengwa na kupimwa kwa ajili ya watu wa mtoni. Mkijibiwa kwamba hakuna, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano na jina la aliyejibu.